Katekista wa Njia ya Pamba

Katekista wetu alikuwa mwanamke, na hilo peke yake lilitosha kuwaudhi baadhi ya watu. Waliobaki waliudhika kwa sababu alipanda baiskeli ya mtalimbo, ile ya kiume, huku amevaa suruali ya marehemu mumewe chini ya kitenge. Kabla mzee yeyote hajamaliza kuguna, yeye alikuwa ameshapita.

Sitasimulia alizaliwa wapi wala kwa nani. Mwenyewe akiulizwa alikuwa akijibu, "Mimi wa hapa hapa. Ungekuwa umekuja kuniposa ningekutajia na ukoo." Nitasimulia nilivyomjua mimi. Tulikaa jirani miaka mingi, nyumba zetu zikitenganishwa na ua wa minyaa. Cherehani yangu ilikuwa barazani, na hakuna aliyepita kwenda wala kurudi bila mimi kumwona.

Kijiji chetu kiko upande wa Ushirombo, kando ya barabara kuu ya lami. Lami hiyo ni ya malori. Yanatoka Isaka na kwingineko, yanakwenda Rwanda, Burundi na Kongo, kutwa kucha. Mtu wa baiskeli kwenye lami ile hahesabiwi. Lori likikupita, upepo wake unakusukumia mtaroni. Yakipishana mawili, wewe ndiye unayetafuta pa kwenda.

Lakini tulikuwa na njia nyingine. Nyuma ya kijiji kulikuwa na barabara ya changarawe iliyotengenezwa zamani kwa ajili ya magari ya pamba, enzi kinu cha kuchambulia pamba kilipokuwa kikifanya kazi. Kinu kilikufa. Mvua za mwaka mmoja zikabeba daraja, na mahali pake watu wakalaza magogo, upana wa kutosha baiskeli, au ng'ombe mmoja nyuma ya mwingine. Tangu hapo magari yakakoma, na Njia ya Pamba ikawa yetu. Ilipita katikati ya miombo, ikashuka mbugani kwenye majaruba ya mpunga, ikapanda tena mpaka karibu na mji. Asubuhi ulikuwa husikii kitu isipokuwa changarawe ikisagika chini ya tairi na kwale wakikurupuka vichakani. Walipita wauza maziwa, wanafunzi wa sekondari, wabeba mkaa, na kina mama wajawazito wakipelekwa kliniki kwenye keria. Mtu aliweza kuendesha huku anaongea na mwenzake aliye ubavuni, jambo ambalo kwenye lami ni kujitafutia kifo.

Katekista alihudumia vigango kadhaa vilivyokuwa kando ya njia hiyo. Padri alifika mara moja moja. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa yeye. Aliongoza ibada, alifundisha mafundisho ya ubatizo, alizika. Na ni hilo la kuzika lililomfanya awe vile alivyokuwa. Alikuwa amechoka kuzika watu wa baiskeli.

Namkumbuka msichana mmoja wa kwaya, sauti ya kwanza, aliyekuwa akienda mazoezini kwa njia ya lami kwa sababu Njia ya Pamba ilikuwa imekatika kwa mvua. Lori lilikwepa lori jingine likamzoa yeye. Pale kaburini tulisubiri maneno tuliyoyazoea. Katekista alifunga kitabu cha sala, akatutazama.

"Wameniambia niseme haya ni mapenzi ya Mungu," alisema. "Sisemi. Mungu hana leseni ya udereva."

Watu waliinamisha vichwa. Baba wa marehemu, ambaye tangu msiba uingie alikuwa hajatoa hata chozi, ndipo alipolia kwa sauti. Paroko alipata habari, akamwita. Aliporudi nilimuuliza ameambiwa nini.

"Amenikanya," akasema huku anaegesha baiskeli. "Nimekubali kukanywa. Kukosea sijakubali."

Jumamosi iliyofuata alibeba jembe na karai, akaenda kuziba mahali palipokatika. Hakuomba msaada wa mtu. Lakini waliokuwa kwenye mafundisho ya ubatizo walijikuta wanakabidhiwa karai kabla ya katekisimu. Kijana mmoja alilalamika kwamba amekuja kumtafuta Kristo, si kubeba udongo wa moramu.

"Yohane Mbatizaji alitengeneza njia kwanza," Katekista akamwambia. "Wewe nani uanzie mtoni?"

Kwa hiyo katika kijiji chetu watu wengi waliobatizwa ukubwani wana kipande chao cha njia wanachoweza kukuonyesha.

Alikuwa na maneno yake. Kuhusu wanaume waliosema baiskeli inawaharibu wanawake, alisema, "Kuni za kichwani hazituharibu, maji hayatuharibu, baiskeli ndiyo ituharibu?" Kuhusu waliomshauri asubiri serikali, alisema, "Nitaisubiri nikiwa kazini." Na mimi aliponifundisha kuendesha, nikiwa tayari mama wa mapacha, Kulwa na Doto, alikuwa na neno moja alilolirudia kila nilipoanguka: "Changarawe inafundisha, lami inaua. Inuka kwa mwalimu wako."

Hakunibembeleza. Siku alipokuja kunichukua alisimama uani kwangu na kusema, "Mama Kulwa, unapanda mwenyewe au unamsubiri Baba Kulwa akubebe kama kiroba cha mpunga?" Mume wangu alikuwepo, anakula. Alicheka, halafu akaona kwamba sicheki. Nilichubuka magoti yote mawili, nikavunja kioo cha simu niliyoifunga kiunoni, na siku niliyofika mtoni bila kuweka mguu chini nilipiga vigelegele peke yangu. Katekista aliyekuwa akikimbia pembeni yangu alishika kiuno, anahema. "Sasa rudi," akasema. "Kwenda kila mtu anajua." Baada yangu akawafundisha wengine, wajane, wasichana, mpaka mke wa mwenyekiti wa kijiji.

Msidhani alikuwa malaika. Aliwafundisha watoto kusamehe saba mara sabini, lakini yeye mwenyewe aliweka kinyongo kama wengine wanavyoweka akiba. Kulikuwa na duka moja alilolisusa kwa sababu mwenye duka aliwahi kumwita jike dume. Akawa anakwenda kununua chumvi kijiji cha pili, mvua au jua, mpaka mwenye duka yule akahama. Hakujua kuimba. Sauti yake ilianzia pasipojulikana na kuishia popote, na bado alikataa katakata kumwachia mtu mwingine aanzishe nyimbo za kuingilia. Kwaya nzima ilijifunza kumfuata kama watu wanaomfuata ng'ombe aliyekata kamba. Tena huyu ambaye baadaye nilimwona akilizuia tipa, alikuwa akimwogopa bata mzinga. Jirani mmoja alifuga dume la bata mzinga, na kila likivimba na kukoroma, Katekista alishuka kwenye baiskeli na kuzunguka nyuma ya nyumba. Tulipomcheka alisema, "Lile halina sababu ya kunichukia. Mwenye kuchukia bila sababu ndiye wa kuogopwa."

Sasa niseme habari ya daraja, maana ndiyo iliyotugawa.

Dhahabu ilipoonekana kwenye vilima vya upande wa pili wa lami, maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yakachimbwa, na mtu mmoja mwenye uwezo akaleta makarasha ya kusagia mawe, akayaweka ng'ambo, karibu na mto, ili apate maji. Sisi tulimwita Mwenye Karasha. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Alisali na sisi, alitoa mabati ya kanisa, na vijana wetu wengi walipata kazi kwake. Baba Kulwa alikuwa mmoja wao. Siku moja Mwenye Karasha akatangaza kwamba atatujengea daraja la zege mahali pa yale magogo, kama zawadi kwa kijiji. Tulishangilia. Siku ya kulizindua wanawake walitandika khanga, mzee mmoja akamshika Mwenye Karasha mikono akimshukuru, "Wabeja, wabeja sana."

Katekista alikuwa amesimama na baiskeli yake pembeni. Akauliza kwa sauti, "Mbona pana hivi?"

"Mama Katekista," Mwenye Karasha akasema kwa upole, "zawadi haipimwi."

"Inapimwa. Baiskeli haihitaji upana huu. Umemjengea nani?"

Watu walimzomea kidogo. Wiki haikuisha, tipa la kwanza likapita Njia ya Pamba likiwa na shehena ya mawe, na nyuma yake la pili. Vumbi likafunika majaruba. Wanafunzi wakaanza kukimbilia vichakani na baiskeli zao. Muuza maziwa mmoja aliangukia mtaroni, akavunjika mkono, na maziwa yote yakamwagika.

Ndipo Katekista alipochimba mashimo mawili kwenye mdomo wa daraja, akasimika magogo ya mninga, akayashindilia mawe. Baiskeli ilipita. Ng'ombe alipita. Tipa halikupita.

Mkutano wa kijiji uliitishwa. Ulikuwa mkali kuliko mkutano wowote niliowahi kuhudhuria. Mwenye Karasha alisema vijana watakosa kazi. Mwenyekiti alisema kijiji hakiwezi kurudi nyuma. Halafu akasimama mama mmoja, mtu mzima, anayeheshimika, akasema: "Mwaka jana binti yangu alishikwa na uchungu. Angekuwapo mtu wa gari angemkimbiza hospitali. Leo gari linaweza kupita, Katekista unalifungia?"

Katekista akaketi chini kabisa, akashika kichwa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba amekwisha. Kisha akainuka.

"Mayu, mama yangu, umesema kweli," alimwambia yule mama. "Sikulifikiria hilo, na nilipaswa kulifikiria. Gogo moja nitalitengeneza liwe la kutoa, tulifunge kwa kufuli. Mgonjwa akija, lifunguliwe hata kama nimelala. Mgonjwa. Mawe hayaumwi."

Watu walicheka, na kwa kicheko kile mkutano ukageuka. Ikakubaliwa. Ufunguo ukawekwa kwangu, kwa kuwa nilikuwa barazani kutwa nzima. Baba Kulwa aliponiona nimeupokea, aliondoka mkutanoni bila kunisemesha.

Haukupita muda mrefu. Siku moja saa za mchana, jua kali, tipa lilisimama mbele ya baraza yangu. Dereva akashuka mbio. "Mama, ufunguo! Tuna mgonjwa, anakufa!" Nilichungulia. Kwenye kiti cha abiria kijana alikuwa amejifunika blanketi, anaugulia. Nyuma, chini ya turubai, gari lilikuwa limekaa chini kwa uzito. Kama kweli anakufa? Na kama haumwi, nikimnyima, kesho mume wangu atasimama wapi mbele ya tajiri wake? Nilimtuma Doto akamwite Katekista, nami nikatembea kuelekea darajani, ufunguo kiganjani, tipa likinifuata nyuma.

Katekista alifika kabla ya gari kuzimwa injini. Hakugomba. Alipanda kwenye ngazi ya tipa, akamgusa kijana paji la uso.

"Pole, mwanangu. Tumbo?"

"Tumbo," kijana akaguna.

"Tipa hili likipita hapa litakurusha matumbo yote. Shuka. Zahanati ni hapo ng'ambo, nakupeleka kwa baiskeli, laini kama godoro."

"Mama, hawezi kukaa kwenye baiskeli!" dereva akapiga kelele.

"Wajawazito wanakaa, yeye ana mimba kubwa kuliko yao?"

Watu walikuwa wameshajaa. Kijana alimtazama dereva, dereva akatazama pembeni. Akashushwa, blanketi na yote, akawekwa kwenye keria, Katekista akamvusha kati ya magogo na kuondoka naye. Sisi tukawafuata kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Alimfikisha mpaka mlangoni pa zahanati. Nesi alitoka, akasikiliza, akarudi ndani kutayarisha sindano. Kijana alipoiona, akavua blanketi.

"Mama Katekista, nisamehe. Nimetumwa."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nimekupitisha kwenye mashimo yote."

Tipa lilirudi kinyumenyume mpaka barabarani, watoto wakilizomea. Kijiji kilicheka juma zima. Nyumbani kwangu hatukucheka. Asubuhi iliyofuata Baba Kulwa aliambiwa asirudi kwenye makarasha. Alikaa juu ya kinu uani, hakutaka chai.

"Umefurahi?" akaniuliza. "Wewe na Katekista wako?"

Nilimjibu kwamba sikufurahi, ila ningefanya vile vile tena. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo. Hatukusemezana siku nyingi.

Nilimtarajia Katekista aje atuombe radhi. Hakuja kuomba radhi. Nadhani hakujua namna. Alikuja na jembe. Msimu ule wote wa mpunga, baada ya sala za asubuhi, alishuka jarubani kwetu akalima, akapandikiza, akapalilia. Mara ya kwanza Baba Kulwa alisimama kwenye tuta akamtazama kwa hasira. Siku nyingine akaingia majini, akalima kwenye mstari wa pili. Nilipowapelekea uji niliwakuta wanabishana kuhusu mbegu. Mume wangu hakurudi kusaga mawe tena. Siku hizi analima, tena ana baiskeli mbili za kubebea mpunga wa watu, na ukimuuliza atakwambia uamuzi ulikuwa wake.

Isidhaniwe kwamba tulishinda kila kitu. Magogo yetu yalibaki, lakini kijiji cha ng'ambo kiliamua vingine. Kilimpa Mwenye Karasha kipande chao cha Njia ya Pamba, kikapanuliwa, na mpaka leo matipa yanapita huko. Kwa hiyo njia yetu inakufikisha mahali fulani, halafu inakutema kwenye lami. Mtu wa baiskeli analazimika kwenda na malori kwa kitambo kabla ya kurudi tena kwenye changarawe. Katekista alikwenda mara kwa mara kwa wazee wa kijiji kile kuwaambia wamekosea. Walimkaribisha kwa heshima, wakampa kiti, wakamwitikia salamu, "Marahaba" na "Mwangaluka", na hawakubadili kitu. Alirudi akiwa na hasira na kesho kutwa akaenda tena. Tangu tumzike hakuna aliyeichukua safari hiyo, na nafikiri wazee wale nao wanaliona pengo lake.

Mara ya mwisho nilipomwona akiwa na baiskeli yake, nilikuwa ndani ya basi, nakwenda Kahama kununua vitambaa. Miaka ilikuwa imekwenda. Mgongo wake ulikuwa umepinda, alikuwa amekonda kwa ugonjwa, na alikuwa ametukataza kuutaja. Tulipokaribia kituo kimoja cha biashara basi likasimama. Mbele foleni, nyuma foleni. Honi zikaanza. Konda akashuka, akarudi anacheka.

"Kuna bibi huko mbele kagoma. Anakokota baiskeli katikati ya barabara."

Sikuhitaji kuuliza. Nilishuka, nikatembea kando ya magari mpaka nikamfikia. Alikuwa katikati ya upande wa kushoto wa lami, anakokota baiskeli taratibu, mfuko wa kitabu cha sala umening'inia kwenye usukani. Nyuma yake lori kubwa lilikuwa linanguruma kama litampanda mgongoni. Pembeni, pale watu wa miguu na wa baiskeli wanapotakiwa kupita, malori yalikuwa yameegeshwa mstari mrefu, madereva wako kwa mama lishe wanakula wali.

"Shikamoo, Mama," nikasema. "Toka barabarani, tafadhali."

"Marahaba, Mama Kulwa. Nitokee wapi?" Hakusimama. "Pembeni wameegesha. Niruke juu?"

"Unakwenda wapi kwani?"

"Kuna mzee anakata roho kule kigangoni. Ameomba sala."

Dereva wa basi letu naye alikuwa amefika, mtu mpole, kofia mkononi. "Bibi, panda basi langu. Baiskeli tutaiweka juu, nitakushusha mlangoni kwa mgonjwa. Bure."

Katekista alisimama kwa mara ya kwanza. Alikuwa anahema vibaya, nami nikaomba moyoni akubali.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Wewe una moyo. Lakini wanafunzi wa sekondari wanapita hapa saa tisa. Nao utawapandisha? Na wa kesho?"

Dereva akamtazama yule bibi. Akayatazama malori yaliyoegeshwa, akaitazama foleni. Kisha akavaa kofia yake, akaenda kwenye mabanda ya mama lishe, na nikamsikia akifoka kuliko nilivyodhani mtu mpole anaweza kufoka. Konda akamfuata. Wanawake waliokuwa kwenye basi wakaanza kushuka, mmoja akagonga bodi la lori kwa kiganja, mwingine akagonga, na honi zile zilizokuwa zikimlilia yeye zikaanza kuwalilia walioegesha. Madereva walitoka wakifuta midomo. Wakanuna, wakatukana kidogo, wakaondoa malori yao moja baada ya jingine mpaka pembeni pakawa peupe.

Katekista akasogea pembeni. Magari yakaanza kupita, na baadhi ya abiria wakampungia mkono, hakuwapungia. Alikuwa anajaribu kurudisha pumzi. Nilishika mkono wake, ulikuwa wa moto, na hofu yangu yote ikatoka kwa ukali.

"Mama, ungegongwa pale! Ungekufa mbele yangu!"

"Pembeni pia ningegongwa, Mama Kulwa," akasema. "Ila wa pembeni wakigongwa, madereva husema hawakuwaona."

Akautoa mkono wake kwangu, akaweka sawa mfuko wa kitabu cha sala, akaenda kwa mgonjwa wake.